Sura ya Tano: Ushahidi Uliokwenda na Moshi

Watu wakisikia neno akiolojia hufikiria vitu vilivyobaki: vigae vya vyungu, mifupa, sarafu, kuta za kale kama zile za Kilwa Kisiwani na Gedi. Ndiyo maana swali moja halikosi kuulizwa. Kama watu walichimba kitu, wakakipeleka nyumbani na kukichoma jikoni, mwanaakiolojia atachunguza nini? Moshi ulishapotea, majivu yalimwagwa shambani, na aliyeota moto ule alizikwa karne nyingi zilizopita.

Jibu fupi ni kwamba atachunguza shimo. Shimo lina kina, lina kingo, lina njia ya kuliingilia, na mara nyingi lina mwenyewe. Ukilipima vizuri litakueleza nani alichimba, kwa zana gani, alichukua kiasi gani na aliacha lini. Mfano wetu mkuu utatoka Dartmoor, nyika ya milimani kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu walichimba ardhi yenyewe na kuichoma kama kuni.

Udongo unaowaka

Kwenye kinamasi chenye baridi, mmea ukifa hauozi ukaisha. Maji yamejaa kila mahali, hewa haipenyi, na vijidudu vinavyoozesha vinashindwa kufanya kazi yake. Mabaki ya mwaka huu yanalalia ya mwaka jana, na baada ya muda mrefu hupatikana tabaka nene la rangi ya kahawia au nyeusi. Hiyo ndiyo tutakayoiita mboji ya kinamasi. Usiichanganye na mboji ya shambani: hii haijaoza sawasawa, na ukiitazama kwa karibu bado utaona nyuzi za majani na mizizi.

Tabaka hilo hukua polepole sana, kama milimita moja kwa mwaka. Mita moja ya mboji basi ni kama miaka 1,000. Ikiwa mbichi, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, wala huwezi kuiwasha. Ikikauka huwaka taratibu, kwa moto wa kudumu na moshi wenye harufu nzito isiyotoka nguoni.

Dartmoor ina eneo la kilomita za mraba 954, na kilele chake cha juu, High Willhays, kina mita 621 tu. Msomaji aliyepanda Kilimanjaro akapita ule ukanda wa vichaka vifupi ulio juu ya msitu atakuwa na picha ya karibu, kwani baadhi ya vichaka vya huku na huko ni vya ukoo mmoja. Chini ya vichaka ni mwamba wa granaiti usiopitisha maji, na juu mvua haina msimu. Miti mikubwa ni michache. Mtu anayeishi pale akitaka kupika, kuni zake ziko chini ya miguu yake.

Nani alikuwa na haki ya kuchimba?

Mtu hakujiendea tu na sepetu. Nyika ya katikati ilikuwa milki ya mfalme, na tangu 1337 ni mali ya Dachi ya Cornwall, yaani milki inayomwendea mrithi wa kiti cha enzi. Wanavijiji wa pembeni walilipa ada ndogo, wakaruhusiwa kulisha mifugo na kuchukua chochote cha kuwafaa, isipokuwa mwaloni mbichi na nyama ya kulungu. Hivyo viwili mfalme alijiwekea. Mboji ilikuwa halali yao, na haki ya kuichimba ilifuata nyumba na shamba. Ukihamia kwingine hukuhama nayo.

Kundi la pili ndilo lililokula mboji nyingi: wachimbaji wa madini ya bati. Karne ya 12 Dartmoor ilipata neema kubwa ya bati, na mwaka 1201 Mfalme John aliwapa wachimbaji hati ya kuchimba bati pamoja na mboji ya kuyeyushia, bila kujali ardhi ni ya askofu au ya bwana gani. Hebu fikiria mkulima aliyeamka akakuta watu wanachimba malisho yake wakiwa na hati ya mfalme mkononi. Migogoro ya ardhi haikuanza jana.

Kuyeyusha madini kunahitaji joto kali ambalo mboji kavu peke yake hailitoi. Wachimbaji waliigeuza kuwa mkaa. Walipanga vipande vikavu kwenye lundo, wakalifunika kwa udongo na nyasi na kuacha matundu machache ya hewa, kama tanuri la mkaa linavyofukiwa Handeni au Kitui mpaka leo. Lundo lilipokwisha kuiva lilifumuliwa. Pakabaki duara dogo la ardhi iliyoungua, lenye vipande vya mkaa vyepesi kuliko vya mti. Duara la namna hiyo likipatikana porini, karibu na shimo la mboji na kijito chenye mawe yaliyopinduliwa, mwanaakiolojia anajua amefika kwenye kiwanda.

Mwaka wa mchimbaji

Kazi ilianza majira ya kuchipua, baridi kali ikishapita. Kwanza walivua ngozi ya juu, yaani nyasi na mizizi yake. Hii nayo ilichomwa, ila ilikuwa kuni ya kimaskini, ikiwaka haraka na kuacha majivu mengi. Chini yake ilikuja mboji ya kahawia, na chini zaidi ile nyeusi iliyoshikamana, ambayo joto lake ndilo waliloliwania. Walikata vipande virefu kwa chuma chenye makali, wakavitandaza, wakavigeuza, wakavisimamisha viwili viwili vikiegemeana ili upepo upite, kisha wakavipanga kwenye malundo makubwa. Kabla ya vuli vilipaswa kuwa nyumbani, vikibebwa na farasi. Mvua ikikaza wiki tatu mfululizo, familia iliingia majira ya baridi bila moto.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu kila hatua iliacha alama yake ardhini, na bila kuijua kazi huwezi kuitambua alama.

Alama zenyewe

Ukienda leo, au ukitazama picha zilizopigwa kutoka angani, haya ndiyo ya kutafuta:

1. Ukingo ulionyooka. Mmomonyoko wa maji nao hukata mboji ukaacha kuta ndefu, na hapa ndipo wengi hupotea. Lakini maji hupindapinda na kujigawa matawi. Mchimbaji alikata kwa mstari na pembe, akielekeza shimo lake kwenye mteremko ili maji yatoke. Kuta mbili zikikutana kwa pembe mraba, tafuta binadamu.

2. Ngazi. Shimo la watu mara nyingi hushuka kwa vidato, kila kidato kikiwa na kina cha kipande kimoja.

3. Vipande vya mboji vilivyoachwa kati ya shimo na shimo. Hivi ni mipaka. Hapa palikuwa pa familia moja, pale pa jirani.

4. Majukwaa ya kukaushia, yaliyozungushiwa mfereji mdogo ili malundo yasilowe chini.

5. Njia. Mashimo makubwa yana njia zilizodidimia kwa kwato za karne nyingi, na zote huelekea vijijini.

6. Rangi ya mimea. Sakafu ya shimo la kale ina maji zaidi, kwa hiyo nyasi zake ni tofauti na za pembeni. Wakati wa kiangazi tofauti hiyo huonekana kutoka mbali.

Siku hizi kuna kifaa kiitwacho lida, ambacho kikiwa kwenye ndege hurusha miale ya leza chini na kupima muda inaochukua kurudi. Kompyuta hutoa picha ya umbo la ardhi, hata vidato vya sentimita chache ambavyo mtu aliyesimama katikati ya vichaka hawezi kuviona. Lida imeongeza sana idadi ya mashimo yanayojulikana. Haijaondoa haja ya kutembea, kwa sababu inakupa umbo bila kukuambia kilichoko ndani.

Alama ya nne ina mtego wake. Jukwaa la kukaushia lililoota nyasi hufanana mno na kaburi la kale la tuta. Kwenye nyika za Uingereza majukwaa ya namna hiyo yamewahi kudhaniwa makaburi ya maelfu ya miaka, kumbe ni mahali familia ilipokausha kuni. Dawa ya kosa hilo ni kuinua macho: je, kuna ukingo uliokatwa jirani? Kaburi halihitaji shimo la mboji karibu yake; jukwaa lazima liwe nalo.

Na kuna njia ambazo hazihusiani na kuni hata kidogo. Frank Phillpotts, aliyefariki mwaka 1909, alifungua mapito kadhaa katikati ya mboji ya Dartmoor ili wawindaji na wenye ng'ombe wavuke bila farasi kuzama. Mapito hayo yamekatwa kwa mkono, yana kuta, yamenyooka kiasi. Asiyejua historia yake angeyaandika kuwa mashimo ya kuni. Bahati nzuri yaliwekewa mawe yenye vibao vya kumkumbuka.

Lini mchimbaji alitupa sepetu?

Hapa tunafika kwenye ujanja ninaoupenda kuliko yote. Mboji hutunza chavua, yaani unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Kila tabaka lina chavua za mimea iliyokuwapo wakati huo, kwa hiyo mtaalamu akitoboa kwa bomba na kutoa nguzo ya mboji anaweza kufuata jinsi misitu ilivyokatwa na mashamba yalivyofunguliwa. Umri wa kila tabaka hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana tangu siku mmea ulipokufa.

Sasa chukua nguzo kutoka sakafu ya shimo la kale. Chini utakuta mboji ya, tuseme, miaka 3,000 iliyopita. Juu yake, ghafla, utakuta mboji changa ya miaka 400 tu. Miaka 2,600 iliyo katikati haipo. Mfarakano huo ndio ushahidi wa sepetu, na unasema mambo mawili kwa mpigo. Miaka iliyokosekana inakuonyesha takriban unene wa mboji iliyoondolewa. Umri wa mboji changa unakuonyesha wakati mimea ilipoanza kurudi, yaani baada ya watu kuacha kuchimba.

Kwa ufupi: umbo la shimo linataja mchimbaji, sakafu yake inataja kiasi alichochukua, na kilichoota juu ya sakafu kinataja wakati alioondoka.

Mwanamke aliyetoboa maziwa

Nitoke Dartmoor kidogo, kwa sababu ushindi mkubwa wa njia hizi haukupatikana mlimani. Ulipatikana tambarare, mashariki mwa Uingereza, katika maziwa ya Norfolk yaitwayo Broads. Ni mengi, hayana kina, na watalii huyasafiri kwa mashua. Kwa vizazi vingi kila mtu aliamini ni maziwa ya asili.

Joyce Lambert, mtaalamu wa mimea, naye aliamini hivyo. Mwaka 1952 ulitoka utafiti wake na wa mwanajiografia J. N. Jennings ukieleza maziwa hayo kama kazi ya maumbile. Lakini Lambert hakuacha kutoboa. Alisogeza matundu yake karibu karibu zaidi, na picha ikabadilika. Kingo za maziwa chini ya matope hazikuteremka taratibu kama ziwa la asili linavyofanya, zilishuka wima. Sakafu ilikuwa bapa. Katikati ya maji palikuwa na kuta nyembamba za mboji isiyoguswa, zimenyooka, nyingine zikifuata mipaka ya parokia. Maji hayajui parokia.

Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha hitimisho: maziwa yale ni mashimo ya mboji ya zama za kati, yaliyofurika baadaye. Walikadiria mboji iliyotolewa kuwa mita za ujazo milioni 25 hivi. Wengine waliguna, wakisema watu wa zama zile wasingeweza kuchimba kiasi hicho kwa mikono. Hesabu za zamani za watawa zikajibu: jiko la kanisa kuu la Norwich lilitumia karibu vipande 400,000 vya mboji kwa mwaka. Jiko moja, kwa mwaka mmoja. Kisha katika karne za 13 na 14 usawa wa bahari ulipanda, dhoruba kama ile ya 1287 ikasukuma maji ndani, na mashimo yakawa maziwa.

Ninachomsifia Lambert si kupata jibu kwanza. Ni kwamba alikuwa na jibu lililokwisha kuchapishwa kwa jina lake, na bado akaendelea kutoboa.

Walichokula na walichofichua

Wapo wanaowalaumu wachimbaji kwa kuteketeza historia, na hawajakosea kabisa. Kila mita iliyoingia jikoni ilikuwa na miaka 1,000 ya chavua, na haitarudi. Lakini ni sepetu hizohizo zilizotupa mengi tunayoyajua. Mwaka 1950 huko Denmark, karibu na Silkeborg, watu waliokuwa wakichimba mboji walikuta uso wa mwanamume uliohifadhika vizuri kiasi kwamba polisi waliitwa. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2,300 kabla. Dunia inamjua kwa jina la Mtu wa Tollund.

Dartmoor ina kisa chake, na kwangu ni kizito zaidi. Kwenye Whitehorse Hill, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, kilibaki kichuguu cha mboji kilichosimama peke yake baada ya mboji ya jirani kuondoka. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 ubavu wa kichuguu ulianza kumeguka, na jiwe la sanduku la mazishi likachungulia nje. Wataalamu walilichimba mwaka 2011. Ndani mlikuwa na mifupa iliyochomwa ya kijana wa umri wa miaka 15 hadi 25, imefungwa katika ngozi ya dubu. Palikuwa na kikapu cha nyuzi za gome la mti, shanga zaidi ya 200 zikiwemo za kaharabu, na bangili iliyosukwa kwa singa za ng'ombe na kupambwa kwa njumu 32 za bati. Mazishi hayo yana zaidi ya miaka 3,600. Ngozi, singa na gome kwa kawaida huoza upesi. Mboji ndiyo iliyovitunza. Na zile njumu ni kati ya ushahidi wa kale kabisa wa bati katika eneo ambalo baadaye lingetoa bati kwa Ulaya nzima.

Kampuni zilipojaribu

Karne ya 19 matajiri waliingia Dartmoor. Jengo kubwa la Princetown, lililojengwa kuanzia 1806 kwa ajili ya mateka wa vita vya Napoleon, lilikuwa tupu, na mwaka 1846 kampuni moja ililikodi ili kukamua mafuta ya taa na mishumaa kutoka kwenye mboji. Mwaka 1850 jengo likarudi kuwa gereza. Mwaka 1847 ilijengwa tramu ya farasi yenye reli za mbao huko Zeal Tor, na mawe ya granaiti yaliyozishikilia bado yapo. Mwaka 1879 reli ya chuma ilipandishwa mpaka Rattlebrook, katikati ya nyika. Miradi yote ilikufa, mmoja baada ya mwingine. Mvua ilikataa mboji ikauke kwa kasi waliyoitaka wenye hisa, na treni zilizotarajiwa kuuza mboji ndizo zilizoleta makaa ya mawe ya bei nafuu mpaka mlangoni. Reli ya Rattlebrook iling'olewa miaka ya 1930. Wanavijiji, waliochimba kidogo kidogo kwa matumizi ya nyumbani, waliidumisha kazi kwa muda mrefu kuliko kampuni zote. Nyumba moja ya wageni huko, Warren House Inn, hudai kwamba moto wake haujazimika tangu 1845. Sijui nani aliulinda usiku wote huo, ila kwa miaka mingi ulikula mboji.

Swali la leo, na la kwetu

Mboji ya kinamasi iko kwenye asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imefungia kaboni nyingi mno. Ikikauka, kaboni hiyo hupanda hewani. Kwa hiyo leo Dartmoor watu wanaziba mifereji ili nyika ilowe tena. Kazi njema, ila ina utata wake: mfereji unaozibwa huenda ndio alama ya mchimbaji wa mwaka 1300. Utaratibu unaofaa ni kupima na kuchora kwanza, kisha kuziba. Mimi ningeziba, mradi ramani iwe imekwisha kuchorwa, kwa kuwa kinamasi kikikauka alama zenyewe nazo zitaporomoka.

Haya hayako mbali nasi. Mwaka 2017 wanasayansi walichora ramani ya mboji ya bonde la Congo, katika nchi zote mbili zenye jina hilo, wakapata kilomita za mraba 145,500 na kaboni ya tani bilioni 30 hivi. Rwanda ilijenga mitambo ya kuchoma mboji ili kuzalisha umeme Gishoma na Gisagara. Burundi imekuwa na shirika la umma la kuichimba tangu miaka ya 1970, na nchi hiyohiyo ina kinamasi cha Kashiru, ambacho chavua zake zimesimulia hali ya hewa ya miaka 40,000. Huko mashine hufanya kwa siku moja kazi ambayo familia ya Dartmoor ingeifanya kwa miaka, na dereva aliye juu haoni kinachopita kwenye ndoo.

Kwa hiyo, msomaji, kama unaishi au unafanya kazi karibu na kinamasi kinachochimbwa, na kikatoka kigae, mti uliochongwa, mfupa au ngozi, usikioshe wala usikianike. Kifunge kwenye plastiki pamoja na mboji na maji yake, andika mahali na kina kilipotoka, kisha ita watu wa makumbusho ya taifa siku hiyohiyo. Mti uliokaa majini miaka 2,000 ukiachwa juani hupasuka na kupindika ndani ya siku chache, na baada ya hapo hakuna mtaalamu awezaye kuurudisha.